Wekeni bikoni Bigo bya Mugenyi kabla ya kujenga chochote: barua ya wazi kwa wenye dhamana ya mambo ya kale Uganda

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Utalii, Wanyamapori na Mambo ya Kale,
Kwa Kamishna wa makumbusho na mambo ya kale,
Kwa viongozi wa Wilaya ya Sembabule na bodi ya ardhi ya wilaya,

Waheshimiwa,

Nawaandikia kuhusu mahandaki ya Bigo bya Mugenyi, kule ukingo wa kusini wa mto Katonga. Ombi langu nalitanguliza lisije likapotea katikati ya maneno. Kabla ya lango, kabla ya nyumba ya wageni, kabla ya barabara mpya ya watalii, naomba mahandaki yote yapimwe, ya ndani na ya nje, yawekewe bikoni, yaani mawe ya mpaka, na wafugaji wanaoishi kando yake wakae nanyi kitako mkubaliane ng'ombe wapite wapi. Mengine yanaweza kusubiri mwaka, hata miaka mitano. Hili halisubiri.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili na historia katika shule ya sekondari upande wa Masaka. Nimeamua kuandika kwa Kiswahili kwa sababu jambo lenyewe linavuka mipaka ya wilaya na ya kabila. Ndugu zetu wa Karagwe, Kigoma, Bujumbura na Kigali wana haki ya kulisikia, na nitaeleza hapa mbele kwa nini.

Kwanza niwaeleze wasiopajua. Vitabu vya historia vimetuzoesha kwamba mji wa kale ni kuta za mawe ya matumbawe: Kilwa, Gedi, Kaole. Bigo hakuna ukuta. Kuna mahandaki yaliyochimbwa na watu, na kando yake matuta ya udongo uliotolewa humo, yakipanda na kushuka kwenye malisho mpaka macho yanachoka kuyafuata. Ukijumlisha urefu wa yote unapita kilomita 10. Handaki la nje limepinda kama upinde, likiunganisha upande wa kijito cha Kakinga na upande wa Katonga, kiasi kwamba maji na handaki kwa pamoja vinazunguka eneo zima. Ndani yake, juu ya mwinuko, lipo kundi la pili la mahandaki yanayoungana yenyewe kwa yenyewe. Kuna sehemu ambapo kina kinafika mita 4 na zaidi, na kuna mahali wachimbaji walikutana na mwamba, wakaendelea kuuchonga. Kazi hiyo ilifanyika kati ya karne ya 14 na ya 16, bila mashine, kwa mikono ya watu waliokuwa pia na ng'ombe wa kuchunga na watoto wa kulisha.

Mwanaakiolojia Peter Shinnie alifukua pale mwaka 1957, na mwenzake Merrick Posnansky akafuata mwaka 1960. Walikuta mifupa mingi ya ng'ombe, vigae vya vyungu, na ndani kabisa tuta ambalo Posnansky alilifananisha na orurembo, boma la mfalme wa Ankole. Vigae vile ukivishika unaelewa mengi. Vingi vina alama ya msuko: mfinyanzi alisokota nyasi ziwe kamba nyembamba, akaiviringisha juu ya chungu kingali kibichi, na ule msuko ukabaki umechapwa kwenye udongo kabla ya kuchomwa. Mwanafunzi wangu mmoja alikiona kimoja chini, kimetokeza nusu baada ya mvua, upana wake hauzidi vidole viwili. Tulichuchumaa tukakitazama, tukahesabu mistari ya nyasi, kisha tukakiacha palepale kilipolala, kwa sababu kigae kikihama mahali pake kinapoteza nusu ya habari zake.

Mahali hapo hapo ndipo nilipoona jambo lililonisukuma kuandika. Njia ya ng'ombe inakatiza tuta. Kwato zimekata uwazi wa upana wa ng'ombe wawili, nyasi zimekwisha, udongo umebaki mtupu. Kwenye ule mkato tabaka zinaonekana kwa macho: juu udongo wenye mizizi, chini yake udongo uliochanganyika na vipande vya mwamba vilivyotolewa kwenye handaki, na chini kabisa mstari mwembamba mweusi. Ule mstari ndio uso wa ardhi ya zamani, majani waliyokanyaga watu kabla hawajamwaga jembe la kwanza la udongo juu yake. Humo mna mkaa unaoweza kupimwa umri kwa kaboni. Mna chavua za mimea iliyokuwa ikiota wakati ule, zinazoweza kumwambia mtaalamu kama palikuwa na msitu, nyika au mashamba. Maswali ambayo Shinnie na Posnansky hawakuwa na vifaa vya kuyajibu, majibu yake yamelala chini ya matuta hayo. Na kila masika maji yanashuka kwenye ule mkato, yanaondoka na kipande.

Waheshimiwa, hapo ndipo penye tofauti kati ya Bigo na urithi mwingine mnaousimamia. Kaburi la Kasubi, la wafalme wa Buganda, liliungua tarehe 16 Machi 2010 na nchi nzima ililia. Lakini wajuzi wa kuezeka walikuwapo, koo zenye dhamana ya kazi hiyo zilikuwapo, nyasi zilikuwapo, na baada ya miaka mingi ya kazi UNESCO iliitoa Kasubi kwenye orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2023. Nyumba ya nyasi imeumbwa ili iezekwe upya, ndivyo ilivyoishi siku zote. Tuta la udongo halina nafasi hiyo. Mkilichota tuta la karne ya 15 na kulirudisha kesho kwa koleo, mtakuwa na tuta la kesho. Usipoziba ufa utajenga ukuta, ndivyo tunavyosema. Bigo hata huo ukuta haujengeki.

Na hatari yake haina moshi. Hakuna siku moja itakayotangazwa redioni kwamba Bigo imeharibika. Itakuwa njia ya ng'ombe leo, korongo dogo mwakani, shamba la mahindi lililosogezwa hatua chache juu ya tuta kwa sababu hakuna aliyejua kwamba lile ni tuta, tripu kadhaa za kifusi zilizochotwa kutengeneza barabara ya kijiji. Kila mmoja katika hao atakuwa hana kosa. Mkulima hakuambiwa. Mkandarasi hakupewa ramani. Mtoto anayechunga ng'ombe anapita alipopita babu yake.

Yaliyotokea Benin City, Nigeria, yanatosha kututia hofu. Mji ule ulizungukwa na kuta za udongo na mahandaki makubwa kuliko ya Bigo, na serikali ikayatangaza kuwa urithi wa taifa. Mji ulipokua, watu wakachota udongo wa kuta kujengea nyumba, na mahandaki yakawa majaa ya taka. Leo vimebaki vipande hapa na pale, huku nyumba zikiwa zimekaa juu ya sehemu kubwa. Tangazo lilikuwapo. Kilichokosekana ni mtu wa kusimama mtaani akasema: mpaka unaishia hapa, jiwe lake ni hili.

Ndiyo maana nang'ang'ania bikoni. Bunge letu limetunga sheria mpya ya makumbusho na mambo ya kale kuchukua nafasi ya ile ya mwaka 1967, na nashukuru kwa hilo. Lakini sheria hailindi kitu kisicho na mipaka iliyopimwa. Mtu akishtakiwa kwa kulima juu ya handaki, swali la kwanza mahakamani litakuwa: handaki linaanzia wapi? Bila ramani yenye vipimo, iliyosajiliwa kwenye bodi ya ardhi na kubandikwa ukutani kwenye ofisi ya kaunti ndogo ambapo kila mtu anaiona, kesi hiyo imekufa kabla ya kuanza. Zaidi ya hapo, mtu anayenunua kiwanja kwa nia njema anastahili kujua mapema.

Upimaji wenyewe siku hizi umekuwa rahisi kuliko zamani. Droni inayopiga picha wakati wa kiangazi, nyasi zikiwa fupi na jua likiwa chini asubuhi au jioni, inaonyesha kila tuta kwa kivuli chake. Vipo pia vifaa vya miale ya leza vinavyopima uso wa ardhi hata chini ya vichaka. Ninaomba msipime mwinuko wa katikati peke yake. Huko ndiko wageni wanakopelekwa, na ni rahisi ofisi kuona kazi imekwisha. Handaki la nje ndilo refu, ndilo linalopita kwenye malisho na mashamba ya watu, na ndilo litakalotoweka kwanza.

Sasa nije kwenye jambo linalogusa watu, na hapa naomba mnisikilize kwa makini. Kila panapotajwa uhifadhi, wafugaji huanza kuhesabu mifugo yao na kujiuliza watahamishiwa wapi. Wana sababu. Pale Bigo, kuwaondoa litakuwa kosa mara mbili: litawaumiza watu, na litaharibu handaki lenyewe. Malisho ya kiasi ndiyo yanayozuia vichaka na miti. Zungusheni ua, muwatoe ng'ombe wote, na baada ya miaka michache mtakuta msitu mdogo juu ya matuta, mizizi ikipasua tabaka zilezile tunazotaka kuzilinda, na wanyama wanaochimba mashimo wamehamia humo. Nyasi fupi zenye mizizi mingi ndilo blanketi zuri kuliko yote kwa kazi ya udongo. Ng'ombe ndiye anayelitunza blanketi hilo. Tatizo ni njia chache zinazokanyagwa kila siku kuelekea majini, na tatizo hilo lina dawa.

Handaki la nje lina mianya ya asili, milango iliyoachwa na wachimbaji wenyewe. Mifugo ielekezwe kwenye mianya hiyo, ardhi yake iimarishwe kwa mawe yaliyopangwa juu bila kuchimba, na pale ambapo ng'ombe wamekwisha kukata tuta, pazibwe kwa magunia ya udongo na kupandwa nyasi ili maji yasiendelee kula. Kisha wafugaji wachimbiwe mabwawa ya kunyweshea mbali na matuta, ili kiangazi kikikaza wasilazimike kukatiza humo kuufuata Katonga. Bwawa la kunyweshea ni kitu ambacho watu wa Sembabule wanakiomba kila uchaguzi. Mkiwapa kwa jina la Bigo, Bigo itapata walinzi wengi kuliko mnavyoweza kuwalipa mshahara.

Na hapa kuna ukweli ambao kwangu ndio moyo wa jambo zima. Watu waliochimba mahandaki haya walikuwa watu wa ng'ombe. Mwendo mfupi kutoka Bigo, pale Ntusi, kulikuwa na makazi makubwa yaliyoanza karibu karne ya 11 na kudumu mpaka ya 15, yakienea kwenye eneo la hekta 100 hivi. Vilima viwili vikubwa vinavyoonekana Ntusi ni takataka za watu wale zilizorundikana kizazi baada ya kizazi: majivu, vigae, mifupa. Andrew Reid, aliyefukua huko, alikuta mifupa ya ng'ombe kwa wingi mno. Kijana wa leo anayesimama juu ya tuta na fimbo begani, akiwaita ng'ombe wake wa pembe ndefu kwa majina, anafanya kazi iliyofanywa mahali hapo miaka 600 iliyopita. Sijui makumbusho gani duniani yanaweza kuonyesha kitu cha namna hiyo. Ukimwondoa, utabaki na shimo refu lenye kibao.

Wataalamu wenyewe hawajakubaliana mahandaki yalikuwa ya nini, nami naona uzuri wake uko hapo. Wanahistoria wa miaka ya 1950 na 1960 waliona makao makuu ya dola ya Bachwezi, watawala wa kale wanaotajwa katika masimulizi yetu, na ngome ya vita. Baadaye wengine, akiwemo John Sutton, wakauliza: handaki refu namna hii, lenye mianya mingi, lingehitaji askari wangapi kulilinda? Wakaelekeza macho kwenye ng'ombe: kuwakusanya, kuwatenga na mashamba, kuwalinda dhidi ya wezi, na kuonyesha ukuu wa mwenye nao. Huenda sehemu mbalimbali zilichimbwa nyakati tofauti kwa makusudi tofauti. Ninachoomba ni kwamba kibao mtakachoweka kisimfungie mgeni mjadala huu kwa sentensi moja. Mweleze mgeni kwamba swali liko wazi, na kwamba jibu lake lingali ardhini. Mtu akilijua hilo hatapanda juu ya tuta na pikipiki.

Wala masimulizi yasiwekwe pembeni kana kwamba ni hadithi za watoto. Ndahura, Mulindwa, Wamara: majina haya ya Bachwezi yameishi vinywani kwa karne nyingi. Wazee husimulia kwamba Mugenyi, Mchwezi ambaye mahali hapa panaitwa kwa jina lake, alimpenda ng'ombe wake Bihogo hata akaapa kwamba siku Bihogo akifa naye atajiua. Bihogo akafa. Ndugu zake wakamzuia Mugenyi asitimize kiapo, na aibu iliyofuata ni moja ya dalili zinazotajwa kwamba Bachwezi wataondoka. Nimewasimulia wanafunzi kisa hiki darasani na nikakisimulia tena tukiwa ndani ya handaki, na naweza kuwathibitishia kwamba hayo ni masomo mawili tofauti kabisa.

Huko kuondoka kwao ndiko kunakotufikisha nje ya Sembabule. Wamara anajulikana Karagwe na Buhaya. Katika ibada za mizimu, Rwanda wana Ryangombe, Burundi wana Kiranga, na Unyamwezi kulikuwa na chama cha Baswezi, jina ambalo halihitaji mkalimani. Imani hizi zilisafiri na watu, na mifugo, na ndoa, kutoka ziwa hadi ziwa. Na bidhaa nazo zilisafiri. Ntusi kumepatikana pembe za ndovu zilizochongwa, na vitu vichache vilivyotoka Bahari ya Hindi: shanga za kioo, kauri. Ni vichache, wala sitaki kuvifanya msafara mkubwa wa biashara. Lakini zama ambazo Kilwa ilikuwa inajenga Husuni Kubwa, jumba la sultani wake, kulikuwa na mtu huku nyanda za ng'ombe aliyevaa shanga iliyopita mikono isiyohesabika kutoka pwani. Tunapozungumza kuhusu Jumuiya ya Afrika Mashariki kwenye mikutano, ningependa mtu mmoja aitaje shanga hiyo.

Kwa sababu hiyo naomba pia maelezo pale Bigo yaandikwe kwa Runyankole, Luganda na Kiswahili sambamba na Kiingereza. Mchungaji wa pale asome kwa lugha yake. Basi la wanafunzi kutoka Kagera likifika, nao wasome.

Wapo pia wanaokuja Bigo kusali na kuwaomba Bachwezi. Wapo wanaotaka wafukuzwe. Mimi si muumini wa ibada hiyo, lakini watu hao ndio waliopatunza mahali hapo wakati sisi wengine hatukukumbuka kwamba papo. Waelekezwe mahali pa kuwashia moto mbali na matuta, wakubaliane nanyi kuhusu kuchimba na kufukia vitu, kisha waachwe kwa amani.

Kuna mambo matatu au manne ambayo nayaogopa zaidi ya uzembe, kwa kuwa yanafanywa kwa bidii na kwa nia nzuri. La kwanza ni "kusafisha". Ofisi ikipata bajeti kuelekea mwisho wa mwaka wa fedha, ni rahisi sana kuagiza greda likazibue mahandaki yaliyojaa udongo ili yaonekane marefu kwenye picha. Tafadhali, asiruhusiwe mtu. Udongo uliojaa chini ya handaki ulianguka humo kidogo kidogo tangu siku lilipochimbwa, tabaka juu ya tabaka, na hiyo ndiyo kumbukumbu ya lini lilitumika na lini liliachwa. Greda moja kwa siku moja linafuta kila kitu. La pili ni kupanda mikaratusi kuzunguka mpaka, kama tulivyozoea kufanya kwenye viwanja vya shule na makanisa. Mizizi yake itaingia mahandakini. La tatu ni uzio wa nguzo za zege zilizochimbiwa juu ya tuta lenyewe, yaani kulitoboa ili kulilinda. Na la nne ni kujenga vyoo, maegesho na kituo cha wageni ndani ya handaki la nje kwa sababu tu ndipo penye mandhari. Vijengwe nje, hata kama mgeni atatembea kidogo. Kutembea ndiko kunakomwonyesha ukubwa wa kazi iliyofanyika.

Najua mnafikiria UNESCO. Bigo imekaa kwa miaka mingi kwenye orodha ya awali ya Uganda, ikisubiri. Sioni ubaya wa kuharakisha, na majirani zetu wametuonyesha njia. Kenya ilipeleka Thimlich Ohinga, maboma ya mawe yaliyopangwa bila saruji kule Migori, na yakaandikwa urithi wa dunia mwaka 2018. Ni makazi ya watu wa mifugo, yenye ukuta wa kujihami, mbali na pwani na mbali na piramidi, na dunia ikayatambua. Mwaka 2024 ikafuata Gedi. Sisi tuna Bwindi na Rwenzori tangu 1994 na Kasubi tangu 2001, basi.

Lakini faili la UNESCO linadai kitu kilekile ninachokiomba hapa: mipaka iliyo wazi, eneo la kinga kulizunguka, na mpango wa usimamizi ambao wenyeji wameukubali. Hatua ya kwanza ni ileile, bikoni. Na ushauri wangu, kama mwalimu tu anayewaza kwa sauti, ni kwamba Bigo isiende peke yake. Ntusi iko jirani yake. Munsa iko Kakumiro, na mahandaki yake yanazunguka kilima cha mawe chenye mapango, ambacho wenyeji wanakiita makao ya Kateboha, mtawala wa masimulizi yao. Peter Robertshaw alifukua huko akakuta tanuri la kuyeyushia chuma na makaburi yenye shanga. Kibengo iko karibu na Ziwa Albert. Zikipangwa pamoja, mgeni ataelewa kwamba nyanda hizi zote zilikuwa na watu waliojua kupanga kazi ya mikono mingi. Ikiwekwa moja tu, itaonekana kama ajabu lililodondoka kutoka mbinguni, na tumekwisha kusikia vya kutosha nadharia za wageni wasiojulikana waliotuchimbia mahandaki yetu.

Kuhusu fedha sitasema mengi, kwa kuwa nyinyi mnazijua kuliko mimi. Naamini tu kwamba wapimaji, bikoni, magunia ya udongo, mabwawa mawili au matatu, na walinzi kutoka familia za palepale wenye posho isiyochelewa, vyote pamoja havifikii gharama ya jengo moja la kifahari lenye vioo. Walinzi hao wapewe daftari na simu yenye kamera. Kila baada ya mvua kubwa wapite kwenye mkato uleule, wapige picha kutoka mahali palepale, wazitume. Baada ya misimu miwili mtajua wapi udongo unaondoka na wapi umetulia, na hamtahitaji kubahatisha.

Naomba majibu ya hadharani kwa maswali haya: ramani ya sasa ya mipaka ya Bigo iko katika ofisi gani, na je, mwananchi anaruhusiwa kuiona? Handaki la nje liko ndani ya mipaka hiyo lote au sehemu? Je, wakandarasi wa barabara za Sembabule wamepewa ramani hiyo pamoja na mkataba wao? Kama jibu ni zuri, nitafurahi kulisoma kwa wanafunzi wangu.

Kiangazi cha Juni hadi Agosti nyasi huwa fupi na matuta huonekana vizuri. Wapimaji wakienda wakati huo hawatapata shida ya kuyafuata. Vijana wa darasa langu wa historia wameniomba niseme kwamba wako tayari kushika kamba na kubeba vigingi, na wazazi wao wamekubali, mradi tuarifiwe mapema ili tupange usafiri.

Wenu katika kulitumikia taifa,

Mwalimu wa Kiswahili na historia,
Masaka